Mamba Muntu Mwenye Blauzi ya Kwaya

Tata,

Mvua ya kwanza imenyesha, na paa bado linavuja palepale, juu ya makopo yako ya rangi. Tangu tukuzike sikuyagusa mpaka leo. Vita havijaisha. Askari wamejaa hapa Kamina, na habari za treni hatuulizi tena.

Nina habari inayokuhusu, baba yangu. Jana alikuja bwana mmoja kutoka Lubumbashi, anatafuta picha zilizochorwa kwenye magunia ya unga. Ndiyo, hizo hizo ambazo walimu wenzangu waliziita picha za baa. Huko sasa wanazitundika kwenye kuta nyeupe, na watu wanavaa viatu vizuri kwenda kuzitazama. Ungecheka mpaka ukohoe.

Nilimtolea picha ya mamba muntu wako, yule mwanamke wa majini anayengoja treni kwenye benchi la stesheni, saa mkononi, mkia umelazwa juu ya sanduku. Unakumbuka nilivyomgeuza uso ukutani kila mchungaji alipotutembelea, kwa sababu ya yale matiti? Hukunikemea. Ulichukua brashi ukamvika blauzi ya kwaya yetu, na kola yake nyeupe. Nilikununia wiki nzima. Bwana yule alipoiona hiyo blauzi alivuta kiti akakaa.

Kisha akauliza nani amechora. Akatafuta jina kila pembe, asilione. "Ayina neno," akasema, "tutaandika inconnu." Asiyejulikana. Wewe, Tata.

Nilishindwa kumtazama. Ni mimi niliyekuomba, "Usiweke jina yetu pale, minyi niko mwalimu." Ukanijibu bila hasira, "Bon. Bantu banajua mukono yangu." Hao walioujua wamekimbia vita, wengine wamekufa. Nimebaki mimi, niliyekuonea haya. Nisamehe.

Nilimwambia anipe siku mbili kabla picha haijatoka humu ndani. Leo nimefungua kopo lako la rangi nyeusi. Juu iliganda, nikaitoboa kwa kijiko, chini bado ni laini. Nimejaribu jina lako mara nyingi kwenye kipande cha gunia, maana brashi si chaki.

Pumzika, Tata. Kesho asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, nitaandika chini ya mkia wake: Ngoy, Kamina. Herufi kubwa, za ubaoni. Akiondoka, ataondoka na jina letu.

Binti yako, mwalimu