Stakabadhi ya Gitaa la Baba Otilia

Nangara, Babati
Jumapili, 24 Aprili 1983

Kwa dada yangu mpendwa Kandida,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba nyonga ya mama imeanza kumwachia alale. Mpe shikamoo yake, umwambie asali aliyonitumia nimeipata. Huku watoto wako hawajambo. Otilia anakohoa kidogo kwa ajili ya mvua, lakini anakula. Mimi mwili mzima, ila usingizi sina.

Umeuliza kwa nini Baba Otilia hajibu barua zako. Juzi nilikuandikia kwamba amesafiri kikazi. Dada, si kweli. Yuko mahabusu hapa Babati tangu Jumatatu iliyopita, na Jumatano hii atapelekwa Arusha pamoja na wengine wanaoitwa wahujumu uchumi. Waliopelekwa kabla yake hatujaona aliyerudi. Naomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma, na mama usimwambie bado.

Sijui huko Mbulu msako ukoje. Hapa mtu akiwa na miche mitatu ya sabuni anaona kama ana maiti ndani. Mke wa Sadallah, yule fundi cherehani jirani yetu, alitumbukiza jora zima la kitambaa chooni, kisha akalia kutwa, maana stakabadhi yake halali ilikuwa chini ya godoro na kwa hofu aliisahau. Mgambo wakiingia wanauliza swali moja tu, stakabadhi iko wapi. Kitu kisicho na karatasi ni cha wizi au cha ulanguzi. Hata redio ya marehemu baba nimeifunga kwenye gunia, na unajua redio ile imenizidi umri.

Sasa nikueleze jambo lililomfunga mumeo. Ni lile gitaa lake. Wewe unalijua kwa kulifuta vumbi, mimi nimelitamani tangu siku alipokuja kukuposa. Si kama yale mabapa ya dukani. Tumbo lake limechongwa kwa mkono likavimba mbele na nyuma kama fidla, na badala ya tundu la duara lina matundu mawili marefu yaliyopinda. Alilinunua Moshi alipokuwa akipiga jazi, kwa fundi mmoja Mgoa aliyekuwa akichonga moja kwa mwaka, basi. Tangu mashine ya kusaga ilipomkata ncha za vidole viwili, gitaa likabaki ukutani, na mimi kila nikija kwenu nilikuwa nalitazama kabla sijakutazama wewe.

Mwezi wa pili alikubali kuniuzia. Yule mtamba mwekundu uliyemkuta zizini kwenu, ukadhani nimewapa mmtunze tu kama desturi yetu ya kugawiana ng'ombe, ndiye bei ya gitaa. Aliniomba nisikwambie mapema. Aliona haya kuuza kitu ambacho, kwa maneno yake mwenyewe, wewe ulikipenda kabla ya kumpenda yeye.

Nililipiga wiki tatu. Sitakudanganya, zilikuwa wiki nzuri kuliko zote nilizoishi. Halafu msako ukaanza na mimi nikashikwa na woga. Gitaa halina jina la kiwanda, ndani kuna maandishi ya penseli tu ya fundi ambaye sasa ni marehemu. Nani angeamini kwamba mwalimu wa shule ya msingi kama mimi amelipata kihalali? Nikamfuata Baba Otilia ghalani, kwenye meza yake ya ukarani, nikamwomba stakabadhi. Akasema ataniandikia kwenye karatasi ya daftari, tutie sahihi wote wawili, na katekista Alois awe shahidi. Mimi nikamwambia karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga. Wewe unajua tulivyo, hata cheti cha ubatizo hatukiamini mpaka tuone wino wa zambarau. Akanijibu kwa upole kwamba muhuri wa ghala ni wa mahindi ya serikali, si wa magitaa, na kwamba hofu isinipumbaze.

Jumatatu wakaguzi walifungua kitabu cha stakabadhi cha ghala. Katikati ya magunia ya mahindi na mbaazi wakakuta nakala ya kaboni, gitaa moja, limelipiwa, na muhuri wa kutoa mali ghalani. Mahali pa jina la mnunuzi hapakuandikwa kitu. Wakasema karani ameuza mali ya umma. Wakapekua nyumba yenu, gitaa hawakulikuta, wakasema ameshalificha.

Dada, mficha maradhi kifo humuumbua. Stakabadhi ile niliiandika mimi. Siku ile nilipomwomba, alitoka kumpimia mzee Elimringi magunia yake, akaniacha mezani. Kitabu kilikuwa wazi na muhuri uko juu ya kidau cha wino. Nikaandika haraka, nikagonga muhuri kwenye nakala zote mbili kama inavyotakiwa, nikachana yangu nikaitia mfukoni. Jina langu niliogopa kuliandika. Yeye hakujua lolote mpaka wakaguzi walipomfunulia ukurasa.

Na hilo si baya kuliko yote. Jumatatu hiyo ya ukaguzi waliniita ghalani kwa kuwa mimi ni shemeji yake. Alikuwa amesimama mlangoni na pingu mikononi. Mwandiko wangu anaujua, alikwisha kuutambua. Wakaniuliza kama nalifahamu gitaa hilo. Akanitazama, kisha akageukia dirishani. Nikasema sijapata kuliona. Wakamtaka yeye amtaje aliyelinunua, akasema hakumbuki. Mtu anayekumbuka kila mkulima wa Nakwa na idadi ya magunia yake alisema hakumbuki, kwa sababu mimi ni mdogo wako. Naona aibu, dada, na bado naogopa kuliko ninavyoona aibu.

Gitaa liko shambani Singe, chini ya lundo la mabua, na mvua haikatiki. Kesho asubuhi nitalitoa, nilipeleke kituoni pamoja na stakabadhi, niseme yote. Lakini Alhamisi pia niliazimia hivyohivyo. Nilifika getini, askari akaniuliza nina shida gani, nikamuuliza saa, nikarudi nyumbani.

Ndiyo sababu barua hii nampa Romana, anayepanda basi la alfajiri kuja huko. Ikishaondoka sina uwezo wa kuirudisha. Nakuomba uje Jumanne bila kukosa. Ukinikuta bado niko nyumbani, usinisalimie wala usinisikilize, maana nitakuwa na maneno mazuri. Pita moja kwa moja kituoni na barua hii, uwape walinganishe mwandiko wake na ule wa nakala yao. Nimeiandika polepole, kila herufi isomeke.

Nisalimie mama, nisalimie Xaveria na wote wa hapo nyumbani. Mungu awalinde, na mimi anipe miguu.

Mimi mdogo wako, kwa jina kamili,

Xavery Melkiadi Tluway
Mnunuzi wa gitaa