Wimbo Tuliompigia Mgeni Rasmi

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu haujaondoka tangu juzi, mlima hauonekani, na nguo nilizofua Alhamisi bado zina unyevu. Nimeamka na hasira. Sijui kama ni hasira ya uzee au ni ya haki.

Naiandika tu.

Wanafunzi wa zamani wa shule yetu, ile ya huku juu migombani, wanatoa kitabu cha kumbukumbu. Kila chama cha wanafunzi kimepewa ukurasa wake: midahalo, skauti, ngonjera, kilimo, muziki. Jana mchana wametutumia rasimu kwenye simu. Ukurasa wa muziki niliusoma nimesimama jikoni mpaka ndizi zikaungua.

"Kikundi cha muziki kilivunjwa baada ya mwalimu mgeni kudharau mila za wenyeji."

Sentensi moja. Hata jina hawakumpa.

Aliitwa Mwalimu Hamisi. Alikuwa kijana Mwislamu kutoka Tabora, mwalimu wa hesabu, na muziki alibebeshwa kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Baridi ya huku ilimwonea. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, nasi tukamcheka kwa hilo mwaka mzima. Tarumbeta hakujua hata linashikwaje, ila kwenye kutunga maneno alikuwa fundi.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa kidato cha nne, mwenyekiti wa kikundi cha muziki. Shule ilikuwa ya misheni kabla serikali haijaichukua, na wamisheni walituachia matarumbeta manne, moja limepondeka. Wapigaji wetu walikuwa wavulana waliojifunzia usharikani, na huko usharikani tarumbeta lilikuwa likilia zaidi makaburini kuliko harusini. Kwa hiyo wimbo waliouweza bila kukosea ulikuwa mmoja tu, ule wa kushusha jeneza. Nyingine zote walizikwaruza.

Mwaka ule tulijenga bweni la wasichana kwa kujitegemea. Mawe tuliyabeba wenyewe kutoka mtoni, mabega yakachubuka. Kiongozi kutoka wilayani alikuwa aje kulifungua, na ikasemwa kikundi kimoja tu kitatumbuiza, tena kikimpendeza mgeni kitakwenda Moshi mjini kwenye sherehe za mkoa. Watu wa ngonjera walikuwa wazuri kuliko sisi. Nakiri leo, maana wakati ule ningeapa sivyo. Niliitaka ile safari ya Moshi kuliko nilivyotaka kitu chochote.

Mwalimu Hamisi akasema, "Nipeni tuni mnayoiweza, maneno nitatunga mimi."

Nikampa ile ya makaburini.

Tukaipandisha mwendo, tukaipiga kwa mwendo wa mchakamchaka, na maneno yake ya mawe na jasho na umoja yakakaa vizuri ajabu. Wavulana walicheka wiki nzima. Sote tuliozaliwa huku tuliujua ule wimbo tangu mgongoni mwa mama. Tulijidanganya kwamba ukienda haraka hakuna atakayeutambua.

Mkuu wa shule naye aliujua. Alikuwa Mchagga mwenzetu, mzee wa kanisa, kila Jumapili kiti cha mbele. Alipita kwenye mazoezi mara nyingi, mikono nyuma. Siku moja alisimama dirishani akaimba besi yote mdomo umefumbwa mpaka mwisho, akaenda zake. Wiki tatu nzima hakusema neno. Kwa nini alinyamaza, sijui mpaka leo. Labda aliona ni utani. Labda alingoja aone mgeni wa Tabora anavyoumbuka.

Siku ikafika. Wazazi walikuja na nguo zao za ibada. Mgeni rasmi aliposhuka garini, Elibariki, mvulana wa kidato cha pili aliyeongoza matarumbeta, akautazama ule umati, akaogopa, na midomo yake ikarudi kwenye mwendo iliouzoea. Taratibu. Taratibu kabisa, kama tuko ukingoni mwa kaburi. Wenzake wakamfuata. Kwaya ikafuata. Na mimi mwenyekiti nikafuata, ningefanya nini?

Wazee wakasimama. Kofia zikavuliwa.

Mgeni akadhani anapewa heshima. Akasimama naye, akapunga mkono, anatabasamu. Halafu kina mama wa nyuma wakaanza kuimba maneno yao, yale ya kanisani, juu ya maneno yetu ya mawe na jasho, na mmoja akalia kilio cha kweli maana alikuwa amemzika mumewe mwezi uliopita. Bibi yangu, aliyeketi karibu na kwaya, alinivuta sketi.

"Aika, mjukuu wangu, nani amefariki?"

Msaidizi mmoja wa mgeni, mtu wa huku huku, akainama kumnong'oneza bosi wake. Nikaona lile tabasamu linavyokauka. Utepe ukakatwa bila hotuba, gari likageuzwa, soda zilizoandaliwa zikabaki mezani.

Alasiri ile ile Mkuu alituita ofisini, Mwalimu Hamisi na mimi. Alisema shule imemkashifu kiongozi, tena imeingiza dini kwenye shughuli ya serikali. Mwislamu wa Tabora ndiye aliyeingiza nyimbo za Kilutheri! Akauliza nani alichagua wimbo. Mwalimu akajibu ni yeye. Mimi nikatazama sakafu.

Barua ya uhamisho ilikuja kabla ya wiki mbili. Matarumbeta yakafungiwa stoo. Siku anaondoka, sisi tulikuwa tumepelekwa kupalilia kahawa ya shule, tukamwona akiteremka peke yake kwenda kutafuta basi la Himo, sanduku la bati kichwani. Mwalimu amebeba sanduku kichwani, na wanafunzi wake tumesimama na majembe tukimtazama. Hakuna aliyekwenda kumpokea mzigo. Mimi nilikuwa karibu na njia kuliko wote.

Leo asubuhi nimeandika kwenye kundi la simu. Nimesema wimbo niliuchagua mimi, Mkuu aliujua, na Mwalimu Hamisi ndiye pekee pale shuleni asiyeujua. Baadaye mtu mmoja akatuma picha ya maua imeandikwa "Wikiendi njema wapendwa."

Kisha Elibariki akapiga. Sasa ni mwenyekiti wa kamati ya kitabu, mstaafu, ana wajukuu.

"Shikamoo dada Aika."

"Marahaba."

"Dada, haya mambo ya zamani unayafukua ya nini? Ukumbi mpya tunaupa jina la Mkuu. Familia yake itakaa mstari wa mbele. Tutawaambia nini?"

"Waambie aliujua wimbo."

"Na mimi je? Si mimi ndiye niliyepunguza mwendo? Unataka wajukuu wangu waje wasome hayo?"

"Wewe ulikuwa na miaka kumi na tano, uliogopa. Mimi nilikuwa na kumi na tisa."

Akahema. Akasema kitabu kinakwenda mtamboni Jumatatu, ukurasa utabaki ulivyo. Halafu akaongeza kwa sauti ya kunibembeleza, "Mwalimu mwenyewe alishafariki, dada. Hataumia."

Nimekata simu. Sijawahi kumkatia mtu simu.

Kwamba alishafariki nilikuwa najua, aliniambia nesi mmoja wa Tabora aliyekuwa jirani yangu. Huku kwetu mtu akikukosea anakuja na jani la sale mkononi kuomba radhi, nawe ukiliona unampokea hata kama moyo umekataa. Nilikaa miaka na miaka nikisema ipo siku nitapanda treni nimpelekee. Huenda asingelijua hata ni la nini, angedhani nimemletea mboga. Lakini ningemweleza. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na nauli, nilikuwa na likizo kila mwaka, na sikwenda. Ni uoga tu.

Na bado sijasema lote. Hata kwenye kundi sikusema.

Nimeandika kwamba nilichagua wimbo. Sikuandika kwamba aliniuliza.

Siku ya kwanza ya mazoezi alinisimamisha mlangoni mwa darasa, daftari lake mkononi. "Aikaeli, mimi si mtu wa huku. Wimbo huu ni wa nini? Nisije nikaharibu shughuli za watu." Nikamtazama usoni, nikamwambia, "Ni wa mavuno, Mwalimu." Akashukuru. Akaandika pale pale, nikiona: wimbo wa mavuno, na pembeni yake jina langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemweleza.

Pale ofisini, Mkuu alipouliza nani alichagua, lile daftari lilikuwa mapajani mwa Mwalimu Hamisi. Alikuwa amekuja nalo kujitetea, nadhani, maana alilishika kwa kidole katikati ya kurasa. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki wiki tano, na kwa kosa la namna ile ningefukuzwa siku hiyo hiyo. Alinitazama. Akatoa kidole, akalifunga daftari, akaliingiza ndani ya sweta.

"Ni mimi," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe nenda kasome."

Nikaenda. Nikasoma, nikafaulu vizuri, nikawa mwalimu mimi mwenyewe kwa miaka thelathini.

Kesho nikitoka ibadani nitawatumia na hili kwenye kundi, pamoja na jina lake kamili, Hamisi bin Juma. Wakitaka, waniondoe.