Pipa Lililokosa Hewa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako imetufikia hapa Magomeni. Bibi yako hajambo, ila magoti yanamsumbua. Mimi nimechoka tu, lakini nipo.

Unauliza kama ufute modeli yako ya kompyuta ya bakteria wanaosafisha majitaka, kwa kuwa fosforasi inapanda unapotaka ishuke. Miaka ile ya kupunguza wafanyakazi nilikuwa karani kijana katika ofisi ya majitaka, karibu na Msimbazi, na kila asubuhi niliogopa kukuta jina langu kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Mhandisi Hansa aliniachia pipa la majaribio, lenye majitaka na bakteria wa kuyasafisha, nipime fosforasi yake. Umeme ukakatika, pampu ya hewa ikazima. Nilipopima, fosforasi ilikuwa imepanda. Nikajua kazi sina tena. Nikaliinamisha pipa nimwage.

"Wewe, acha!" Mhandisi Hansa akaniita kutoka mlangoni. "Unawafukuza wafanyakazi wangu, hao bakteria?"

"Samahani mama, wameharibika."

"Hawajaharibika, wamekosa hewa. Wanatoa fosforasi waliyojiwekea ili wapate nguvu ya kula. Subiri umeme."

Umeme uliporudi, wakafyonza yote waliyoitoa na zaidi. Jioni maji yalikuwa na fosforasi kidogo kuliko asubuhi.

Kazini walinipunguza hata hivyo. Nilipoanza kuuza mitumba soko la Mchikichini, kwa muda mrefu nilikula akiba tu bila faida, nikitaka kuacha. Nililikumbuka lile pipa, nikarudi sokoni kesho yake.

Basi usifute leo. Tazama kwanza kama hesabu yako imefika kwenye kipindi cha hewa, au umeikatisha kabla umeme haujarudi.

Babu yako, anayekusubiri.