Kungoja Injini Ipoe

Kendi mjukuu wangu,

Huku Nkubu mvua imenyesha, ng'ombe amezaa, na mimi ni mgongo tu unaonisumbua. Natumai joto la Mombasa halijakumaliza.

Umeuliza kama gari lako la zamani uliachie feni ya mkanda au uliwekee ya umeme. Ile ya mkanda huzungushwa na injini, kwa hivyo ukipanda mlima polepole, nayo inazembea. Tukitoka kwa kina nyanya yako Kiritiri, gari letu lilikuwa likichemka kabla ya kufika Embu. Nilikuwa nikilielekeza kwenye upepo, nikafungua boneti, tukakaa kwenye nyasi tukila ndengu ambazo nyanya yako alifungiwa na mamake. Nikitaka kulimwagia maji, alikuwa akisema, "Wacha ipoe yenyewe. Unakimbilia nani?" Mengi tuliyaamua hapo, hata mama yako asome wapi.

Baada ya kumzika nyanya yako niliweka ya umeme. Nawe weka, ni nzuri. Siku hizi napita pale bila kusimama. Ila nikifika nyumbani nikazima injini, feni huendelea kuzunguka kidogo. Mimi hubaki kwenye kiti mpaka inyamaze, ndipo niingie ndani.

Ni mimi babu yako.