Ngoma ya Matanga Yangu

Mwanangu Mbithe,

Huku Riruta tuko salama. Maji yalirudi Jumanne, na yule kuku wako mweusi ameangua vifaranga.

Dada yako Kaindi alinionyesha kwenye simu ile ngoma unayowachezea watu wa Ubelgiji. Umejifunga kitambaa changu cha kanisani, kile ulichoniomba ili unikumbuke, na unagaagaa sakafuni ukimlilia mama yako aliyefariki ukiwa mbali. Wazungu walitokwa na machozi. Hata mimi nililia, kwa vile ulivyocheza vizuri.

"Mama, hiyo ni sanaa tu," Kaindi akanituliza.

Sawa. Basi Krismasi usisumbuke kuja. Aliyezikwa hampikii mtu chapati.

Ni mimi,
Marehemu mama yako