Pindo la Asubuhi ya Sikukuu

Baba yangu,

Kamwene, salamu zikufikie huko uliko. Ni asubuhi ya Krismasi hapa Njombe, kengele ya kwanza bado haijalia, na mvua ya usiku imeacha miti ya miwati nyuma ya nyumba ikidondosha maji. Nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya cherehani yako, nakuandikia kabla sijatoka. Nataka ujue ninakokwenda.

Wiki tatu zilizopita alikuja Mzee Elia, yule mzee wa kanisa ambaye tangu nihamie huku nakula Krismasi nyumbani kwake. Alileta kitambaa cha koti. Mwaka huu amechaguliwa kusoma neno mbele ya watu wote, na koti lake la zamani limechakaa viwiko. Nikampima, nikaandika vipimo, nikadhani ataaga. Hakuaga.

"Mwanangu," akasema, "Krismasi unakula kwangu. Idi ikifika unapanda lori kwenda Makambako kula kwa Waislamu. Diwali uko kwa Wahindi. Sasa chagua. Andika jina lako darasa la ubatizo, au Krismasi hii ubaki kwako."

Niliikunja futi yangu polepole. Nadhani alinihurumia, maana sauti yake ilishuka alipoongeza: "Sitaki uje uzikwe kimya kama baba yako."

Hilo lilinichoma, baba. Unajua sina ndugu wa tumbo moja, na mama alituacha kabla sijaujua uso wake. Watu wangu ni wale ulionipa wewe, watu wa sikukuu. Nikifungiwa mlango mmoja sina wa akiba.

Basi nikaanza kukukumbuka kwa makusudi, kama mtu anayetafuta kitu sandukuni. Nikakuona kwenye kibaraza cha duka la Bwana Kanji pale Makambako, malori ya Mbeya na Songea yakitupigia vumbi, wewe umeinama na uzi mdomoni. Kanzu za Idi zilitoka kwako. Magauni ya Krismasi yalitoka kwako. Na kila nguo ya sikukuu uliimaliza yote isipokuwa pindo. Pindo ulilipiga bandi tu, mishono mirefu ya kushikilia. Wageni walikuona mvivu. Wenyeji walijua: asubuhi ya sikukuu utafika nyumbani kwao, umeoga, sindano kwenye ukosi na mimi nyuma nimebeba mkasi, utamsimamisha mwenye nguo mlangoni na kumshonea pindo akiwa ameivaa. "Nguo ya sikukuu hupimwa na furaha ya siku yenyewe," ulikuwa ukiwaambia, na wanawake wakikucheka kwamba unanusia pilau tu. Nawe ulikiri kwamba pilau nayo imo.

Hukujifanya, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Watu wakiingia kusali, sisi tulibaki nje chini ya upenu tukiwasubiri. Hukupiga magoti kwa kuigiza, wala hukuwacheka waliopiga. Mwezi wa Ramadhani hukula kiazi mbele ya Bi Zena, jirani yetu, ingawa hukufunga hata siku moja. Bibi yangu alipomwaga pombe chini kwa ajili ya mahoka, mizimu ya wazee wetu, ulishika kibuyu, ukamsaidia, kisha ukaniambia njiani kwamba huna hakika kama kuna anayekunywa. Nikakuuliza, sisi ni wa wapi basi? Ukasema, "Sisi mafundi. Tukiitwa tunakwenda."

Unamkumbuka jogoo? Mimi nacheka hata sasa. Diwali yetu ya kwanza kwa Bwana Kanji ulikataa katakata kwenda mikono mitupu, maana kwetu mgeni wa heshima anakwenda na kuku. Ukachagua jogoo mwekundu, mnene, ukamfunga miguu kwa utepe mzuri wa dukani kwa Bwana Kanji mwenyewe. Taa za udongo zimepangwa kizingitini, mama wa nyumba ametoka na sinia ya laddu, vile vitamu vya mviringo, nawe unamkabidhi nyama katika nyumba ambayo haijawahi kupika hata yai! Niliona uso wake ukibadilika. Niliona na wako. Bwana Kanji akakohoa, akakuangalia, kisha akampokea jogoo kwa mikono miwili na kusema, "Fundi, huyu atakaa na sisi." Na kweli alikaa. Aliishi uani pale miaka, akilishwa mchele, akiamsha Makambako nzima, akafa kwa uzee wake. Wewe kila Diwali ukawa unabeba mahindi debe moja, ya jogoo.

Nikaikumbuka pia siku ya kukuzika. Mzee Elia ana haki, kulikuwa kimya. Mwinjilisti alikuja, mume wa Bi Zena ambaye ni mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja, na kila mmoja akamtazama mwenzake kama anayempisha mlangoni. Hakuna aliyethubutu kukuombea kwa jina la dini ambayo hukuichukua. Mimi niliona aibu, nakiri. Nilitamani ungekuwa na cha kusemewa, hata kimoja. Lakini kimya kile hakikudumu. Bwana Kanji alisema taratibu, "Alinishonea suti ya harusi ya mwanangu." Mwalimu akasema kanzu aliyovaa siku ile ni mkono wako. Kisha mama mmoja, kisha mwingine, mpaka kaburi likajaa udongo huku watu wakitajiana mapindo uliyowashonea. Mzee Elia hakuwepo. Yeye alisimuliwa mwanzo tu, na mimi sikuwahi kumsimulia mwisho.

Nilipolimaliza koti nilikuwa nimekwisha kuamua. Sitaandika jina. Si kwa kiburi, baba. Nyimbo zao nazipenda mpaka nalia, na siku nikiamini kweli nitakwenda mwenyewe bila kusukumwa. Ila kumdanganya Mungu wa watu ili nipate sahani ya wali, hapana. Wala sitabaki kwangu. Mzee alipokuja kulichukua, alilivaa, akanyoosha mikono, kitambaa kikamfunika vidole.

"Mikono mirefu hii," akasema.

"Nimeipiga bandi tu, mzee. Nitaipindia asubuhi ya Krismasi, mlangoni kwako, ukiwa umelivaa. Ndivyo baba alivyonifundisha kazi."

"Nilikuambia uchague."

"Nimechagua," nikasema. "Nakuja. Sibatizwi, na nakuja." Kisha nikamsimulia kaburi lako, lote, mpaka yale mapindo. Sikuacha njiani. Alisikiliza amesimama, mikono ya koti ikimning'inia. Alilikunja koti, akaliweka kwapani, akatoka mvuani.

Siku zile zilizofuata zilikuwa ndefu. Fundi mwingine yupo, kule karibu na soko, na pindo la mikono ni kazi ya dakika chache. Angeweza kumpelekea na mambo yakaisha. Nilipitia kwa yule fundi mara mbili nikijifanya natafuta vifungo, nikichungulia kama koti linaning'inia. Usinicheke.

Jana nilimkuta mkewe sokoni akinunua njegere. Alinishika mkono, akaniuliza kama nimepona mafua, kisha akasema kwa kununa, lakini macho yanacheka: "Huyu mzee wako ananisumbua. Koti mikono inamfika vidoleni, nikimwambia nilipeleke kwa fundi wa sokoni, hataki. Eti lina fundi wake."

Sijui mzee atanifungulia na uso gani. Huenda atanishika na mahubiri mlangoni, na nitayasikiliza huku nashona. Lakini kengele ya kwanza ndiyo hiyo inalia, baba, na mzee hawezi kusoma neno mbele ya watu na vidole vyake havionekani. Nimeoga. Sindano iko kwenye ukosi, mkasi nimeubeba mwenyewe.

Pumzika, fundi wangu. Mimi nimeitwa, nakwenda.

Binti yako, mbeba mkasi