Mama Anasemaje Kuhusu Sekano

Wodi ya Tatu, Bloemfontein
Jumapili, 12 Julai 1998

Mwanangu Keamogetse,

Daktari Lategan alisema Ijumaa kwamba makohozi yangu hayana vijidudu vya kifua kikuu kwa mwezi wa pili mfululizo. Mwezi wa tatu yakiwa safi, sindano zitakoma na nitarudi nyumbani. Majibu yatatoka Ijumaa, tarehe 28 Agosti. Nilimwomba aitaje tarehe mara mbili, nikaiandika. Miaka thelathini na moja ya kuripoti kesi mahakamani imenifundisha kwamba ahadi isiyo na tarehe si habari.

Natumaini hapo Thaba Nchu hamjambo. Mimi sijambo, isipokuwa masikio. Sindano zinayafanya yalie kama birika, na la kushoto limeshapungua nusu. Miguu ya mama yako bado imevimba? Nijibu ukweli, usinipoze.

Sasa Sekano, mchezo wetu wa televisheni. Tunaangalia ukumbini, wagonjwa kumi na wanne, madirisha yote wazi kwa amri ya muuguzi wetu, Sista Ntsoaki, kila mtu na blanketi kichwani. Jumanne Sekano alianguka buchani kwake ameshika kifua. Rre Maphike, yule bwana wa kitanda cha tisa, akapiga kelele, "Kufa basi, mwizi wewe!" Mimi nasema hafi. Mwenye bucha ndiye mchezo wenyewe. Wakimuua, Jumanne na Alhamisi wataonyesha nini? Ila alianguka na aproni nyeupe isiyo na tone la damu. Bucha gani hiyo?

Mama anasemaje?

Baba yako


Thaba Nchu
19 Julai 1998

Baba,

Nakusalimu kwa heshima. Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya mama, na pale penye tarehe 28 akanirudisha nyuma nisome tena. Ameitia alama kwenye kalenda ya kanisa.

Miguu haijapungua. Ukibonyeza wa kulia, shimo la kidole linabaki. Nesi wa kliniki ameongeza vidonge vya moyo na kumkataza chumvi. Mama anasema uji usio na chumvi ni gundi ya kubandikia matangazo.

Kuhusu Sekano, amesema: "Mwambie baba yako aproni ameiona, lakini mke wa Sekano hakumwona. Yule analia bila kamasi. Mtu anayelia kweli anatafuta leso." Na yule mchungaji mpya wa mchezoni, amesema, anashika Biblia kama sinia la vikombe.

Jumapili iliyopita tuliona filamu ya vita. Askari alikufa vizuri, akalala, halafu kifua kikawa kinapanda na kushuka. Mama akasema, "Mzikeni haraka kabla hajaomba chai." Nilicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nilimwuliza kama kuna mwigizaji hata mmoja anayempenda. Akafikiri. "Yule ng'ombe wa mwanzoni, kabla ya majina," akasema. "Yule anaijua kazi."

Mwanao, Keamogetse


Wodi ya Tatu
26 Julai 1998

Mwanangu,

Nakusalimu wewe na mama yako, na hukumu yake ya ng'ombe nimeikubali.

Habari ya wodi ni Rre Maphike. Wiki iliyopita alitoroka kwenda kumzika dada yake Botshabelo. Amerudi jana. Daktari Lategan amemwambia mbele yetu sote kwamba anayeondoka bila ruhusa hesabu ya miezi safi inaanza upya kwake, na sindano zinaendelea hadi itimie. Maphike hakubisha. Hakusikia vizuri, ilibidi nimwandikie kwenye karatasi.

Sekano bado amelazwa. Wamemvalisha pajama za hariri. Hapa hatujawahi kuziona.

Umeniandikia miguu. Hukuniandikia pumzi. Mama yako analala akiwa amejinyoosha, au ameketi?

Baba yako


Thaba Nchu
6 Agosti 1998

Baba,

Nakusalimu. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenizidi. Mama anakusalimu sana. Miguu ina nafuu na anapumua vizuri.

Juzi Jumanne tuliangalia Sekano. Ametoka hospitali na familia imemwandalia karamu. Mama amesema mwigizaji yule amejitahidi sana, na mkewe amelia vizuri. Amesema ni kipindi kizuri.

Huku baridi ni kali. Sina jingine.

Mwanao, Keamogetse


Wodi ya Tatu
Jumapili, 9 Agosti 1998

Keamogetse, mwanangu,

Nakusalimu. Sijambo.

Nimeisoma barua yako ya tarehe 6 mara nne. Jumanne hakukuwa na Sekano. Kulikuwa na mpira, tangu saa moja hadi saa tatu, na Maphike alimtukana refa hadi Sista akamfukuza ukumbini. Sekano hajatoka hospitali. Alhamisi iliyotangulia walimwekea mashine, na Alhamisi hii alikuwa bado nayo.

Hayo ningeweza kuyapuuza. Mtu husinzia, huchanganya siku. Lakini umeandika kwamba mama yako amemsifu mwigizaji. Nimeishi naye miaka ishirini na sita. Picha ya harusi yetu alisema mpiga picha alikuwa akiilenga keki.

Umeme ungekatika ungeniambia. Televisheni ingeharibika, mama yako angenitaka niandike malalamiko gazetini kutoka kitandani. Nyumbani kwetu televisheni haizimwi juma zima isipokuwa imefunikwa shuka, na shuka haliwekwi pasipo maiti.

Nani?

Najua mtoto hampelekei baba yake habari ya msiba, wala haiandikwi kwenye karatasi. Sikulaumu. Nauliza tu, kwa sababu kuuliza ndiyo kazi ninayoijua.

Baba yako


Thaba Nchu
Jumanne, 11 Agosti 1998

Baba,

Nakusalimu kwa heshima. Barua yako imefika leo saa sita. Nimempelekea Baba Mkubwa Morake. Ameisoma, akaivua miwani, akaivaa, akaisoma tena. Kisha akasema, "Huyu ndugu yangu tulidhani anaumwa kichwa pia?"

Siruhusiwi kuandika, na siandiki. Baba Mkubwa atafika wodini Alhamisi, tarehe 13, saa nne asubuhi, pamoja na Shangazi Mosidi. Tumempigia Sista Ntsoaki kwa simu ya kanisa, atakuwekea kiti. Naomba ukae, baba. Usimpokee umesimama.

Kile kipindi nilikitunga. Nisamehe. Sikujua kulikuwa na mpira.

Mwanao


Wodi ya Tatu
Ijumaa, 14 Agosti 1998

Mwanangu,

Kaka yangu alifika saa nne na dakika ishirini. Nilikaa. Kwa sababu ya masikio yangu ilibidi aseme kwa sauti kubwa, kwa hiyo wodi nzima ilisikia pamoja nami. Wenye kofia walizivua.

Sasa nina maelezo yote. Mama yako alifariki Jumatatu, tarehe 3, alfajiri, akiwa ameketi. Mazishi ni kesho saa moja asubuhi. Wazee waliamua niambiwe baada ya majibu ya tarehe 28, kwa hofu kwamba nitatoroka kama Maphike. Nilimwambia kaka kwamba ningekuwa yeye ningeamua hivyo hivyo, na kwamba nina hasira. Yote mawili ni kweli.

Nilimwomba Daktari Lategan ruhusa ya siku moja. Alikataa. Alisema mlango haufungwi, lakini kanuni ni ileile niliyoisikia. Saa kumi nilifunga mfuko wangu. Maphike akaja, akaketi kwenye kitanda changu. Nilimwuliza kama anajuta kwenda. Nilimwuliza mara tatu. Hakunisikia hata mara moja.

Saa kumi na moja niliufungua mfuko.

Siku nilipoletwa huku mama yako alisimama penye gari la wagonjwa akasema, "Usije ukanirudia kiziwi. Nitamgombeza nani?" Sasa hakuna wa kunigombeza, na bado sitakuja. Nimeshindwa kukueleza kwa nini vizuri zaidi ya hivyo.

Mambo ya kesho; barua hii naituma kwa dereva wa basi la jioni hii, ikufikie kabla ya mazishi. Wasifu utakaosomwa kaburini usiwe na neno "mpole". Hakuwa mpole. Waandike aliyekuwa. Wewe simama karibu na Baba Mkubwa, na akikosea tarehe ya kuzaliwa, msahihishe hapo hapo: ni tarehe 9 Machi 1949.

Na ombi moja. Alhamisi, tarehe 30 Julai, kabla ya shuka, mliangalia Sekano. Niandikie alichosema. Usipambe, usitunge. Hata kama ni tusi.

Baba yako


Thaba Nchu
Jumatatu, 17 Agosti 1998

Baba,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini umelala hata kidogo.

Mama amezikwa Jumamosi, saa mbili na robo. Walichelewa kwa sababu ya baridi. Ardhi ilikuwa ngumu na wachimbaji walibadilishana. Watu walijaa hadi barabarani. Neno "mpole" lilikuwemo kwenye wasifu. Nililikata kwa kalamu asubuhi, na Shangazi Mosidi hajanisemesha tangu hapo. Mahali pake niliandika "alisema alichokiona". Baba Mkubwa alipofika hapo watu walicheka, na mchungaji pia, kisha wakalia. Tarehe ya kuzaliwa aliisoma sawasawa.

Kuhusu tarehe 30. Mama aliketi kwenye kiti chako kwa sababu kina mikono ya kuegemea. Ilipofika pale nesi anamchoma Sekano sindano, alisema: "Mwone anavyoishika, kama anashona gunia. Mwandikie baba yako awaangalie wa kwake." Tangazo la sabuni lilipoanza, alisema uji wa siku ile ulikuwa mbaya kuliko mchezo. Akaomba chumvi. Nilikataa. Akasema, "Basi na wewe ukaigize, unaiweza roho mbaya." Mwisho wa kipindi alisinzia. Nilizima, akafungua macho akasema, "Kwani aliyekuwa anaangalia ni nani?" Nikawasha tena. Yalikuwa majina tu yanapita. Aliyasoma yote.

Hayo ndiyo yote. Sikuongeza kitu. Ijumaa hadi Jumapili hakutaka kuangalia chochote, na ningepaswa kukuandikia hilo. Chumvi naifikiria kila siku.

Wazee wamepanga siku ya kukunyoa na kukushonea kitambaa cheusi cha msiba kwenye mkono wa koti. Ni Jumamosi, tarehe 29 Agosti, saa mbili asubuhi, hapa nyumbani. Wasipokuruhusu tarehe 28, Baba Mkubwa atapanda basi la saa kumi na mbili, na wembe atakuja nao huko huko wodini.

Mwanao, Keamogetse